Mtoto Si Samaki

Mwadi mwanangu,

Chupa yako nimeiokota. Ilikuwa kwenye shimo la takataka nyuma ya choo, chini ya maganda ya mihogo, na ulikuwa umeifunika vizuri kama paka anavyofunika mavi yake. Nimeiosha kwa sabuni, nimeianika juani, na sasa iko mezani mbele yangu ninapoandika. Wewe uko kwa rafiki zako kuaga, na vicheko vyenu navisikia hadi huku. Kesho asubuhi minibasi ya Mansa itakuchukua, na wewe uliamua kwamba chupa hii haitapanda.

Sababu naijua, usijisumbue kunieleza. Hutaki wasichana wa koleji wakuone umeweka mdomoni chupa ya soda iliyotobolewa kitako, pampu ya dawa imechomekwa upande wa pili, unavuta pumzi na kuishikilia huku macho yamekutoka. Unataka wamwone mwalimu wa kesho, nywele zimesukwa, simu mkononi, hana neno na mtu. Basi nakuambia aibu ya namna hiyo naidharau kuliko kitu chochote ninachokijua. Haijawahi kumpikia mtu wala kumfulia. Kazi yake ni kusimama mlangoni na kuwazuia wenye msaada wasiingie. Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua, halafu hao hao wanaosema ndio wanaoficha. Mimi ni mmoja wao, na nimeficha kitu kibaya kuliko pumu yako.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika na wavulana. Hayo unayajua, na usiyoyajua utajifunza kwa kuumia kama tulivyojifunza sisi. Nataka kujibu swali lako la juzi. Nilikuwa nakoroga bukari, ugali wetu, ukasimama mlangoni ukaniuliza:

“Mama, ni kweli banasema shangazi Yolanda alikuwaka mulozi?”

Nikazidi kukoroga. Nikasema, “Uliza baba yako.” Baba yako akalitazama ziwa kana kwamba ndilo lililoulizwa, akasema, “Ile ni mambo ya zamani.” Kisha akaenda kushona nyavu ambazo hazikuwa zimechanika. Una haki ya kutudharau wote wawili. Kesho unakwenda kulala katika nyumba ya mwanamke ambaye watoto wa hapa Kabuta walikuimbia kwamba ni mchawi, na wazazi wako hawakuweza hata kukujibu ndiyo au hapana.

Jibu ni hapana. Hakuwa mchawi, Mwadi. Kati yetu sote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili.

Yolanda, dada wa baba yako, alivuka ziwa naye kutoka Pweto, ng'ambo ya pili, akaishi nasi tangu ulipozaliwa. Wakati huo mimi nilikuwa nakausha samaki kwa moshi, na nilikuwa fundi, sitajifanya mnyenyekevu. Wanunuzi walipofika na baiskeli zao waliuliza kwanza, “Samaki ya Mama Mwadi iko?” Samaki wangu walikwenda mbali barabarani bila kuoza. Nilijua mti gani unatoa moshi mtamu na upi unatoa moshi mchungu. Kwa kugusa tu mgongo wa samaki nilijua amebakiza maji kiasi gani. Kiangazi tulikausha nje, matanuru yetu, mapipa tu yenye waya juu, yakiwa karibu na maji. Mvua zikianza tuliyahamishia ndani ya jiko, kwa sababu moto wa nje ulizimika na wezi walikuwa wengi. Na kwa kuwa jiko lilikuwa na joto, wewe ulilala humo.

Ulipotimiza miaka mitatu kifua chako kilianza kukoroma. Mvua zikija, unakohoa. Unakohoa alfajiri, unakohoa ukicheka, na ukipumua unatoa mluzi kama birika linalokaribia kuchemka. Mama wenzangu walisema kifua kimejaa maji. Nami, fundi wa moshi, nikacheka kimoyomoyo. Maji? Maji ndiyo kazi yangu! Samaki akiwa na maji unamfanya nini? Nikaanza kukukalisha karibu na tanuru asubuhi na jioni ili moshi ukaushe kifua chako. Ulipokohoa zaidi nilisema maji yanatoka. Ulipolia macho yamewaka nilikushika mabega usikimbie.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeirudia kuisoma. Nilikushika mabega usikimbie. Niliwahi kumcheka mwanamke mmoja wa hapa aliyempa mtoto wake mafuta ya taa anywe kwa minyoo. Nilimcheka sokoni mbele za watu. Mpumbavu mwenye ufundi ni hatari kuliko mpumbavu wa kawaida, maana yule wa kawaida huwa anauliza.

Yolanda hakuwa amesoma kuliko mimi. Lakini alikuwa na macho. Aliona kwamba ukikaa jikoni unazidiwa, na ukitolewa nje unapata nafuu. Basi akaanza kukuiba. Nikigeuka kupanga samaki juu ya waya, nikirudi, hupo. Ninatoka nje namkuta amekaa nawe kwenye mtumbwi uliopinduliwa, amekuinamisha mbele kidogo, anakusugua mgongo, mdomo wako umeelekezwa upepo unakotoka. Tuligombana kila siku. Siku moja alinifuata hadi kwenye tanuru, amekubeba, akasema kwa sauti majirani wote wakasikia:

“Mama Mwadi, mutoto haiko samaki!”

Majirani walicheka. Nilivumilia mengi maishani, tulivuka ziwa tukiwa na sufuria moja na godoro nusu, lakini kuchekwa katika kazi yangu sikuweza. Nilimwambia, “We hujazaa, unajua nini?” Alikupeleka nje.

Sasa usikie jinsi akili za watu zinavyofanya kazi pale zinapokuwa nyingi na zote ni mbovu. Majirani waliona hivi: mtoto anashindwa kupumua ndani kwa mama yake. Shangazi anamchukua, mtoto anapumua. Shangazi anamrudisha, mtoto anashindwa tena. Ungedhani hata mbuzi angetazama lile jiko likifuka moshi akaelewa. Wao walielewa kwamba shangazi ndiye mwenye pumzi za mtoto, anazitoa akitaka na anazichukua akitaka.

Wakati huo kulikuwa na nabii hapa, mtu wa viatu vyeupe na kipenga shingoni. Kabla ya kuwa nabii alikuwa akibeba samaki kwa baiskeli, na kwa kweli baiskeli aliijua vizuri kuliko Biblia. Alikuja nyumbani akapuliza kipenga chake kila pembe. Moshi ulimfanya akohoe. Alikohoa, Mwadi! Alisimama katikati ya jiko langu akikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema:

“Mu hii nyumba kuko roho moja inakamataka batu pumuzi. Hata miye imenikamata. Donc, ule bibi hana mutoto, njo ule.”

Akamnyooshea Yolanda kidole. Watu wakasema amina. Nami nilisema amina. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, kwa hiyo nitaiandika bila kuipamba. Sikuamini. Sikumwamini yule nabii hata kwa dakika moja, nilimjua tangu alipokuwa akiiba samaki wawili wawili kutoka kwenye mizigo ya watu. Lakini nilikumbuka kicheko cha majirani, nikaona hapa kuna njia ya kumnyamazisha aliyesababisha nichekwe. Baba yako alinitazama nimtetee dada yake, akiwa yeye mwenyewe amefumba mdomo. Nikasema amina mara ya pili.

Waliobaki walimalizia wenyewe. Vitu vyake vilitupwa barabarani. Mtu alimrushia jivu. Alipanda gari la samaki kwenda Mansa na kitambaa kimoja, na kabla ya kupanda alinitafuta kwa macho kati ya watu. Nilidhani atanilaani. Alisema tu, “Fungua dirisha basi,” kama mtu anayekukumbusha kufunika chungu. Nilirudi nyumbani nikachukua misumari na kuligongomea dirisha la jiko, ili asirudi kupitia hapo. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza majirani.

Na unajua nini kilifuata? Ulipona. Ulipona kabisa! Wiki chache tu baada ya yeye kuondoka kifua kilitulia, ukakimbia na wenzako mchangani, ukanenepa. Kanisa lilishangilia, nabii akanunuliwa viatu vipya. Hakuna aliyekumbuka kwamba mvua zilikuwa zimekwisha na matanuru nilikuwa nimeyatoa nje. Hata mimi, niliyeyabeba kwa mikono yangu miwili, sikukumbuka. Yaani nilibeba jibu kichwani kutoka jikoni hadi ufukweni, nikalitua, nikaendelea na kazi.

Mvua ziliporudi nikarudisha matanuru ndani. Dirisha lilikuwa limepigwa misumari, na wa kukuiba hakuwepo. Asubuhi moja, baba yako akiwa ziwani, nilikuwa nageuza samaki nikahisi kimya. Mluzi wa kifua chako ulikuwa umekoma. Nilifurahi, Mwadi. Nilidhani umekauka. Nilipogeuka nilikuta midomo yako imekuwa rangi ya ini, mabega yanapanda na kushuka, ngozi ya shingo inaingia ndani kila unapovuta, na hakuna sauti. Hewa haikuwa inaingia ya kutosha hata kutoa sauti. Watu wengi hawajui kwamba kifua cha pumu kikinyamaza huku mtu bado anahangaika ndipo pa kuogopa zaidi. Mimi nilikijua kimya hicho kabla ya kujua jina lake.

Nikasikia sauti ya Yolanda kichwani, mutoto haiko samaki, na nikafanya kile nilichomfukuzia. Nilikubeba nje. Nilikuinamisha mbele kama alivyokuwa akifanya, nikapiga kelele hadi mbeba samaki mmoja akatupa mzigo wake matopeni na kutupakia kwenye baiskeli. Tulikwenda hospitali hivyo, wewe mapajani mwangu, mimi nikihesabu pumzi zako kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya.

Pale muuguzi alikuwekea kinyago cha mvuke wa dawa. Alikuwa wa kabila la Wabemba, wenyeji wa huku, mwenye Kiswahili cha sokoni, na hakupoteza muda. Ulipoanza kupata rangi akaniuliza:

“Mama, mutoto analala wapi?”

“Mu chambre,” nikasema.

Mtoto wangu alikuwa ametoka kufa mara moja, nami nilikuwa nadanganya ili nionekane mama mzuri. Muuguzi aliinama akanusa nywele zako. Akanitazama.

“Chumba gani inanuka samaki?”

Hapo nikalia. Akaningoja nimalize, hakunibembeleza, na namshukuru kwa hilo. Kisha akanieleza kwamba kifua chako hakikuwa na maji ya kukausha. Njia za hewa ndani yake ni nyepesi kukasirika. Zikikutana na moshi, vumbi, baridi au mafua zinavimba na kujibana, na hewa inapita kwa shida kama watu wengi kwenye mlango mmoja. Hakuna mtu aliyekuloga na hakuna maombi yatakayozibadilisha ziwe njia za mtu mwingine. Zitakaa nawe. Unaweza kuishi nazo hadi uzeeke ukizitunza, alisema, na unaweza kufa nazo ukizipuuza.

Alitoboa chupa ya soda mwenyewe, kwa waya alioupasha moto, kwa sababu watoto hawawezi kuvuta na kubonyeza kwa wakati mmoja. Leo uko mkubwa, lakini nakujua: bila chupa unabonyeza haraka, dawa yote inabaki ulimini, halafu unasema haisaidii. Hiyo ndiyo chupa uliyoizika chini ya maganda ya mihogo. Si hiyo hiyo, hiyo ni ya sita au ya saba, lakini ni ukoo mmoja.

Usidhani nilitoka pale nimekuwa mwerevu. Alinipa pampu mbili, ya buluu na ya kahawia. Ya buluu nilikupulizia, ukafunguka pale pale, nikaipenda. Ya kahawia nilikupulizia, hakuna kitu. Jioni, hakuna kitu. Nikasema hii ni ya bure, wametupatia ili kupunguza mzigo wa stoo, nikaifungia kwenye sanduku pamoja na vitenge vya Jumapili. Mwezi haukuisha tukarudi hospitali kwa baiskeli ile ile. Muuguzi akauliza iko wapi ya kahawia, nikamwambia naitunza. Alicheka kwa uchungu. “Unaitunzia nani?” Ya buluu inafungua mlango uliokwama, Mwadi. Ya kahawia inazuia mlango usivimbe, inafanya kazi polepole bila kujisifu, na ukiiacha kwa sababu unajisikia mzima unakuwa mpumbavu wa aina yangu. Nimeona unavyoiruka siku unazojisikia vizuri. Nimeona pia kwamba wiki hii umevuta ya buluu karibu kila siku. Unadhani sihesabu? Nilianza kuhesabu kwenye ile baiskeli na sijaacha. Ya buluu ikihitajika hivyo, kifua kinakuambia kitu, na unakwenda kliniki hata kama una mtihani.

Yule nabii nilimkuta hospitali miaka miwili baadaye, kwenye foleni ya kifua, kadi yake ameificha ndani ya Biblia. Aliniona, akageuka kutazama ukuta. Ningeweza kumcheka. Lakini nami wakati huo nilikuwa nimeficha jina la Yolanda mahali pabaya zaidi.

Maana sikumwita arudi. Nilijua ukweli wote, matanuru niliyatoa nje mvua na jua, nikajenga kibanda chao mbali na nyumba, misumari niling'oa, wewe ukapata chumba chako. Majirani waliniuliza kwa nini, nikasema ni ushauri wa hospitali. Hakuna hata siku moja niliyosimama mbele yao na kusema kwamba Yolanda alisema hivyo hivyo kabla ya hospitali, nasi tukamrushia jivu. Miaka kumi na mitatu! Niliacha watoto wakuimbie wimbo wao, ukarudi nyumbani unalia, nikakupangusa pua nikakuambia usiwasikilize. Kumbe wimbo ule niliutunga mimi, kwa amina zangu mbili.

Ulipopata nafasi ya koleji, baba yako alimpigia simu. Sikuthubutu kukaa karibu, nilisimama nje ya dirisha. Alijikanyaga, akazungumzia bei ya nauli, akazungumzia samaki, mwishowe akasema mtoto anahitaji pa kulala. Kisha nikasikia sauti ya Yolanda kwenye ile simu, ile ile:

“Angali analalaka mu moshi?”

“Hapana,” akasema baba yako. “Zamani sana.”

“Bon. Mumutume.”

Hakuuliza kingine. Hakuuliza kama tumejuta, wala kama jina lake limesafishwa. Alifukuzwa kwa ajili ya mtoto, na baada ya miaka yote hiyo swali lake moja lilikuwa la pumzi za mtoto huyo huyo. Nilikaa chini pale ukutani na nikajiona mdogo kuliko chisense, dagaa hawa tunaowaanika kwa beseni.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyofanya leo. Mchana, ulipokuwa unasukwa, nilikwenda ufukweni wanawake wanapogeuza dagaa mchangani, nikasimama katikati yao nikasema. Nilisema yote, jivu, amina na misumari. Mmoja alisema, “Maman, ile mambo ilishakwisha.” Nikamwambia kwangu haijaisha. Mwingine alicheka, nikamwacha acheke. Nimejifunza kwamba kicheko hakiui mtu. Ningejua hivyo mapema, ungelelewa na wanawake wawili.

Chupa nimeiweka kwenye mkoba wako juu kabisa, mahali ambapo kila mtu ataiona ukifungua zipu. Pampu zote mbili ziko ndani yake. Wasichana wakikuuliza, waeleze. Wakicheka, ujue umekutana na majirani zangu. Na siku utakayofundisha kutakuwa na vumbi la chaki, na mahali fulani darasani kutakuwa na mtoto anayekohoa nyuma. Utamjua kwa mluzi.

Shangazi yako nimemfungia dagaa. Ni wa jua, hakuna hata mmoja aliyepita kwenye moshi. Mpe, na umpe barua hii aisome hadi mwisho. Mimi sina mdomo wa kumwomba msamaha kwa simu, na akikataa kunisamehe atakuwa na haki, usimsihi.

Nimekuzoesha kulala umefunga kila kitu, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya uoga wangu. Yolanda ataingia chumbani kwako jioni ya kwanza na kufungua dirisha. Usiseme kitu. Liache wazi.

Mama yako